Rekodi Tatu za Bi Mwanakombo

Mtu akinisifia Kiswahili changu, namwambia sifa hizo azipeleke nyumba ya pili, kwa Bi Mwanakombo, mbangua korosho wa hapa Likombe, Mtwara. Mimi nilikuja kutoka Nampula, ng'ambo ya mpaka, na Kimakua changu na Kireno cha shule. Mwaka wa kwanza wa ndoa, mume wangu Helder ndiye aliyenisemea kila mahali, hata kliniki, kuhusu maumivu ya tumbo langu mwenyewe. Nilichoka. Nikamwambia msimu wa korosho ukiisha narudi kwetu.

Si kwamba sikujitahidi. Nilipakua mtandaoni rekodi za wanaojifunza, zimepangwa ngazi ya mwanzo, ya kati na ya juu. Bwana mmoja mwenye sauti nzuri alikuwa akiuliza stesheni ya treni iko wapi. Nikaijua sawasawa hiyo stesheni, na Mtwara hatuna treni. Bombani wenzangu wakiongea, siambulii kitu.

Siku moja Bi Mwanakombo alinikuta uani na hedifoni. Akaomba upande mmoja, akasikiliza, akanirudishia.

"Huyu bwana anaongea na nani?" aliuliza, Helder akinitafsiria. "Mtu akiongea na mwenzake hatulii hivi. Nipe simu, mwanangu."

Alikaa nayo siku tatu, ikarudi na rekodi tatu. Ya kwanza yuko peke yake, anafagia na kuwagombeza kuku. Ya pili anabishana na mdogo wake Saida kuhusu mihogo. Ya tatu ni bandani kwenye korosho, wanawake kumi wanasema kwa pamoja. Hizo ndizo zilikuwa ngazi zake: mmoja, wawili, wengi. Ya tatu alinikataza nisiifungue mpaka ya pili inichoshe.

Niliifungua siku ile ile, maana subira sina. Nikasikia kelele tu, kama mvua kwenye bati.

Nikarudi kwa kuku. Kwa Saida nilikaa miezi miwili, mpaka nikawa na upande wangu katika ule ubishi wa mihogo. Msimu nao ukawa unaisha, begi langu liko tayari chini ya kitanda. Asubuhi moja, nikiosha vyombo, nikaifungua tena ya tatu.

Sauti zikaanza kuachana. Mmoja alikuwa akicheka: "Mwanakombo, unahangaika na huyo Celia wa nini? Si anarudi kwao?"

Ikajibu sauti ninayoijua kuliko zote: "Arudi akitaka. Mie nataka siku hiyo aniage kwa mdomo wake. Nisije nikaagwa na mumewe."

Nililia, wala sioni haya kusema. Nikaacha vyombo kwenye maji, nikaenda kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona macho mekundu? Safari leo?"

"Hapana, mama. Sikuja kuaga. Nimekuja kushukuru."

Akatazama nyuma yangu, akimtafuta Helder. Nilikuwa peke yangu.