Macho Hayana Spea

Siku hiyo tulikuwa watatu: mimi, dada Mganda niliyeishi naye chumba kimoja kule Al Rayyan, Uarabuni, na msimamizi wetu, Mkenya mwenzangu. Hoteli ilikuwa West Bay. Kazi ilikuwa kubandua nta kuukuu kwenye sakafu ya ukumbi kabla ya harusi ya jioni.

Dawa ya kubandulia nta ina amini, kemikali kali. Haina rangi, ikiwa chupani utadhani ni maji, mpaka ufungue upokelewe na harufu ya samaki aliyeoza. Ikigusa ngozi huteleza kama sabuni. Unadhani inasafisha, kumbe inakula. Kwenye debe lake palikuwa na picha ya mkono uliotobolewa. Niliacha shule mapema, lakini mkono ule niliuelewa.

Miwani ya kujikinga ilikuwa imefungiwa stoo. "Wageni wakiwaona na madude hayo usoni watafikiri kuna ugonjwa," msimamizi alisema. Hata debe hakutaka lionekane. Tukamimina dawa kwenye chupa tupu za maji ya kunywa.

Nikiwa nakwangua kona, chupa iliniponyoka, ikagonga sakafu, dawa ikanirukia jicho la kulia. Dada alinikamata shingo, akanikokota hadi chooni, akaniinamisha chini ya bomba huku vidole vyake vikinifungua kope kwa nguvu.

Msimamizi akagonga mlango. "Yatosha jamani! Mpanguse, mrudi kazini!"

"Macho si matairi, bosi! Hayana spea!" dada akamjibu.

Kila nilipotaka kuinuka alinirudisha. "Tulia, mkaidi wewe. Ukipofuka, hao wadogo zako watalishwa na nani?"

Alijua. Tangu tufiwe na wazazi, wadogo zangu wanakula kwa mikono hii.

Daktari alisema maji yale ndiyo yaliyoliokoa jicho. Siku niliyorudi kazini nilisimama mlangoni pa stoo, dada kando yangu, nikasema sishiki debe bila miwani.

"Wa kazi hii wamejaa Nairobi," msimamizi akasema.

"Walete," nikamjibu. "Na miwani yao."

Alifungua stoo. Lakini juma lile lile dada akahamishiwa kazi ya mbali, kwa kosa la kusimama nami. Nilipompigia simu kumshukuru, alicheka.

"Shukrani weka. Siku yangu ikifika, njoo unishike kichwa."

Naomba isifike. Miwani siivui, na dada bado ananidai.