Gari ya Mama Feza Ilitetemeka ku Gudron

Hii habari inanionyesha mi mujinga, najua. Kama unataka kucheka, anza sasa, mi nitaendelea. Nilitoka Baraka kwenda Uvira kutafuta mutu mwenye aliharibisha gari ya Mama Feza. Nikamupata.

Mama Feza anauzishaka ndagala za kukausha, zile samaki ndogo za ziwa, mi njo shofere wake. Huku kwetu barabara ni mawe na mashimo tu. Gari zote zinatetemeka, hakuna mutu anauliza. Lakini ile safari yenye ilipita tulifika ku kipande cha gudron, lami ya mupya, nje ya Uvira, nikaona furaha, nikakanyaga. Ule usukani ukaanza kucheza mu mikono yangu sawa mutu mwenye homa. Nyuma yangu alikuwa amekaa Papa Etienne, shemeki ya Mama Feza. Yeye anatakaka kiti changu kwa mutoto wake Musafiri, kila mutu Baraka anajua.

Kurudi Baraka, Papa Etienne hakungoja hata kushuka muzuri.

"Shemeki, huyu kijana amekuuwia gari. Ni mikono yake."

Parkingi yote iko nasikiliza. Na mi na mudomo wangu: "Papa Etienne, kama ni mikono yangu njo iliharibisha, naapa, fungulo nitaitoa mwenyewe hapa hapa, Musafiri apande. Kama si yangu, utanyamaza mpaka Noeli!"

Batu wakapiga kelele. Mama Feza akatuangalia sawa batoto wawili wenye kugombania muwa.

"Sawa," akasema. "Kesho unapeleka ndagala Uvira. Urudi na jibu. Si maneno, maneno unayo mingi. Jibu."

Asubuhi sana nikatoka Baraka, vitunga vya ndagala vimepangwa mpaka juu. Ku muto ya Mutambala maji ilikuwa ndogo, nikapita. Nikaweka sikio, nikaweka mikono laini ku usukani, nisikie ugonjwa. Wapi! Gari ilikuwa inaruka juu ya mawe vile inarukaka siku zote. Ni sawa kutafuta mutu mwenye anakohoa mu kanisa yenye batu wote wanaimba.

Mboko nikasimama kununua mihogo ya kuchoma. Mama mumoja pale ananijua.

"We shofere ya Baraka, wanasema unatafuta muchawi wa gari?"

"Nikimupata, mama, nitapita naye hapa umuuzie mihogo."

"Na kama ni weye?"

"Basi uniuzie bei ya muchawi."

Akacheka mpaka akakosa kunirudishia makuta yangu. Habari ilikuwa imefika Mboko mbele yangu, na gari njo mi nilikuwa nayo!

Uvira nikashusha ndagala, nikaenda kwa Fundi Saleh, mwenye kutengeneza magari karibu na Kalundu. Nikamuelezea. Hata hakuinuka ku kiti.

"Ni kardan, ile chuma ndefu ya chini yenye inazungusha pine, magurudumu ya nyuma. Tuitoe."

"Fundi, we daktari ya namna gani? Unapasua mugonjwa bila kumuuliza fasi gani inamuuma! Panda kwanza."

Akapanda, akanuna.

Ku gudron, sindano ya mwendo ilifika makumi ine: kimya. Makumi sita: kimya. Kukaribia makumi munane, usukani ukaanza kucheza.

"Kardan!" Saleh akasema.

"Bado." Nikatoa vitesi, gari ikabaki bila gia, moteri ikatulia, gari ikateleza yenyewe. Bado inatetemeka. "Unaona? Si moteri."

"Mi nilisema moteri? Kardan inazunguka hata ukitoa vitesi. We kijana, nani alikufundisha?"

Hapo alinipata. Nikasimamisha gari kando. Sikutaka anishinde, juu akitoa kardan na ikaonekana muzima, nitarudi Baraka bila jibu, na Papa Etienne atacheka mpaka meno ya nyuma.

"Fundi, kardan inahamaka?"

"Itahama wapi?"

"Basi tuhamishe pine. Za mbele ziende nyuma, za nyuma zije mbele. Kama kutetemeka kunabaki ku usukani, toa kardan yako, mi nitakushikia taa."

Tukabadilisha na jua yote ile. Tukarudi ku makumi munane. Usukani ukatulia kabisa, niliushika na vidole mbili tu. Lakini kiti! Matako yetu sasa njo ilikuwa inacheza.

Saleh akashika dirisha. "Wallahi, imehama!"

"Salamu kwa kardan," nikamuambia.

Basi ugonjwa ulikuwa mu moja ya zile pine mbili zenye zilitoka mbele. Kwa Saleh tukazirudisha mbele, fasi pine inazunguka bila kushikwa na kardan, tukainua gari na kriki, tukazungusha kila moja na mukono. Ya kwanza ilisimama fasi yoyote inataka. Ya pili, kila mara ikisimama, upande moja unarudi chini. Tukachora na chaki. Zungusha, chaki chini. Zungusha tena, chaki chini. Kulikuwa kitu kizito ndani.

Saleh akafungua ile pine. Ndani alikuta manshon: kipande cha pine ya zamani, nene sawa kandambili, yenye batu wanawekaka kuziba fasi imepasuka. Ilishonwa na nyuzi ya nyavu, ya bluu.

Hapa nikashika zile nyuzi na vidole. Baraka yote hakuna mwengine anashona pine na nyuzi ya nyavu. Mi njo naringaka nayo. Niliishona njia ya Lulimba, mu mvua, jiwe lilipasua pine na ndagala zilikuwa zinaanza kunuka. Ku mawe haina shida. Ku gudron, ule uzito wa upande moja unapiga, unapiga.

"Nani alishona hii?" Saleh akauliza.

"Mutu mumoja mwenye mudomo."

Akaelewa. "Itupe mu ziwa. Sema ilikuwa kardan, nitakusaidia kuongopa."

"Mi niongope juu ya kuogopa Papa Etienne? Hapana."

Tukaweka pine ya sekuru, ile ya akiba. Makumi munane, gari ikateleza sawa mutumbwi ku maji ya asubuhi.

Baraka, parkingi ilikuwa imejaa. Nikaweka manshon juu ya kapo, kile kifuniko cha moteri, mbele ya batu wote.

"Papa Etienne, ulisema ni mikono yangu. Ni mikono yangu, hii hapa. Na mikono hii hii njo ilitoa gari mu matope ya Lulimba, ndagala za Mama zikafika. Musafiri, shika fungulo. Sekuru haiko tena, mununue ingine."

Wakacheka. Mi nikacheka kuwapita, wasikule hiyo furaha peke yao. Barabara mubaya inafichaka makosa ya kila mutu, njo jambo nilijifunza. Lakini kulala bila kazi, hiyo hakuna mutu alicheka nami.

Siku zikapita. Nilikuwa naosha pikipiki za batu ku ziwa, Mama Feza akakuja, akasimama na viatu mu maji.

"Gari iko nalia upande wa nyuma. Musafiri anasema ni barabara. Papa yake anasema ni barabara. Kuja."

"Mama, niliapa mbele ya batu."

"Uliapa kutoa fungulo. Ukatoa, niliona. Nani alikusikia unaapa kuikataa?"