Gari Lilizima Nikiwa na Jeneza la Kaka, Sasa Wanataka Kunibadilishia

Admin, ficha jina langu tafadhali, maana Migori tunajuana. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba. Nauza vifaa vya machimbo, pampu, mipira ya maji na sururu, na wateja wangu wengi ni wachimba dhahabu wa Masara. Nimechoka, jamani. Si uchovu wa kazi, huo nimeuzoea. Nimechokeshwa na gari.

Miaka yote nimezunguka na pikap ya mizigo. Nikasema na mimi nionje raha kabla sijazeeka, nikanunua gari jipya kabisa, kubwa, la kifahari, viti vya ngozi bado vimefunikwa nailoni. Halikukaa sana likaanza kuzima. Unaenda vizuri, mara taa zote za dashibodi zinawaka na gari linakufa katikati ya barabara. Ukingoja kidogo linawaka tena kama halijafanya kitu. Nikilirudisha kwa walioniuzia Nairobi, huko linatembea kama malaika. "Madam, hatuoni shida yoyote," wananiambia. "Labda ni mafuta ya huko kwenu." Nimeenda na kurudi mpaka askari wa geti lao ananisalimia kwa jina.

Katikati ya hayo kaka yangu mkubwa akafariki. Kwetu ni Lambwe, na maiti ilikuwa mochari huku Migori. Mama akakataa gari la kukodi. "Mwanangu aende nyumbani na gari ya watu, na dada yake ako na yake?" Basi tukalaza viti vya nyuma, jeneza likaingia, mimi nikaendesha na Mama akakaa kando yangu. Mke wa marehemu, Robi, alikuwa kwenye basi nyuma yetu pamoja na waombolezaji. Mama ndiye aliyemweka huko. Robi ni Mkuria, sisi ni Wajaluo, na Mama hakuwahi kumkubali tangu alipoolewa. Hata chai ya mkono wake hakuwahi kunywa.

Homa Bay tulipita vizuri. Tulipokunja tu kuingia barabara ya vumbi ya Lambwe, gari likazima. Mimi nilijua ni ule ugonjwa wake. Nikasema, "Mama, tungoje, litawaka." Nani angenisikiliza? Baba mdogo alishuka kwenye basi, akaliangalia gari, akasema, "Huyu amekataa kwenda. Mwenye ako na neno na yeye aseme sasa." Kwetu ndivyo ilivyo. Gari lenye maiti likisimama, marehemu ana jambo, na watu humbembeleza.

Watu wakatuzunguka. Mama akashuka, tukamfungulia nyuma, akaweka mkono juu ya jeneza. "Wuoda, mwanangu, najua unachotaka. Nimemwonea mke wako. Nisamehe, twende nyumbani." Kisha akatembea mwenyewe hadi kwenye basi, akamshika Robi mkono, akamketisha kwenye kiti chake kando yangu. Yeye akapanda basi. Nikabonyeza kitufe, gari likawaka. Watu walilia na kuimba mpaka nyumbani. Mimi pia nililia, na sikusema neno lolote kuhusu ugonjwa wa gari.

Tangu siku hiyo Robi ni binti wa pale. Alipewa shamba la mumewe, ambalo ndugu yetu mdogo, Omondi, alikuwa ameshaanza kulilima. Watoto wake wanalala kwa nyanya yao. Mama anakunywa chai ya Robi asubuhi na jioni, na ikichelewa analalamika.

Sasa, baada ya vita virefu, watengenezaji wenyewe wamemtuma fundi wao. Akalifungua gari, akaniambia lilitoka kiwandani na kasoro. Kompyuta ya gia ikipata joto inakata kila kitu. Watalichukua na kuniletea lingine jipya. Zamani ningechinja kuku.

Lakini Omondi alikuwa nami siku hiyo. Tukiwa njiani kurudi akasema, "Kwa hivyo hakuna mtu alikataa kwenda nyumbani. Ilikuwa kompyuta." Nikamwambia anyamaze. "Ninyamaze ya nini? Mama alipeana shamba juu ya kompyuta. Siku hiyo gari mpya itafika, mimi namwambia."

Nilijaribu kumwandaa Mama. Nikamwambia gari linazima sana, waliolitengeneza wanalitaka, wataniletea lingine jipya. Akacheka. "Linazima kwa sababu ana maneno. Unafikiri alimaliza yote siku ile?" Na kweli, kila likizima yeye akiwa ndani, anauliza mwanawe anataka nini, halafu anaanza kupekua aliyoyatenda wiki hiyo. Juzi lilizima tukitoka soko la Homa Bay. Akakumbuka hajamshukuru Robi kwa kumfulia blanketi, akampigia simu papo hapo, malori yakitupigia honi.

Wiki ijayo wanakuja kulichukua. Nikikubali, Omondi atasema, na ninaogopa Robi na watoto watarudishwa walikotoka. Nikikataa, nitaendelea kuendesha kitu ambacho siku moja kitanizimikia mbele ya lori. Wengine mtaniambia nimweleze Mama ukweli mwenyewe. Gari ni bovu, hiyo ni kweli. Lakini na aliyoyasema barabarani yalikuwa kweli, alimwonea Robi miaka yote, na sisi watoto wake tulikuwa tunaona.

Leo asubuhi Mama amenipigia simu. Alikuwa akinywa chai, nilisikia kikombe. Akaniuliza, "Binti yangu, na hilo jipya watakaloleta, nalo litakuwa linazima?"

Nilisingizia mtandao, nikakata simu. Nishaurini, ndugu zangu. Atapiga tena jioni. Nimjibu nini?