Fundi Njo Papa

Clotilde hutengeneza baiskeli mbele ya nyumba yake, karibu na stesheni ya Kamina. Kazi aliirithi kwa baba yake, pamoja na sanduku la spana. Mumewe Cyprien huuza tiketi za treni. Baiskeli anaijua kwa kuipanda tu.

Siku moja binti yao Delphine, mtoto wa miaka sita, alisikika akiwaambia wenzake: "Fundi njo papa. Mama anamusaidiaka tu."

Clotilde aliyasikia, kwamba fundi ndiye baba na yeye ni msaidizi tu, spana mkononi. Hakuna aliyemfundisha mtoto maneno hayo. Aliyaokota kama kuku aokotavyo punje, maana kila mteja humtazama mama huyu mwenye mikono myeusi kwa grisi, kisha huuliza, "Fundi iko wapi?" Kwa wateja alishazoea. Kufutwa na mtoto wa tumbo lake kulimchoma. Akaamua kumrudi, lakini si kwa fimbo.

Jumamosi akaja mzee Kanyinda, mchuuzi wa samaki wakavu wa Kinkondja, gurudumu la nyuma la baiskeli yake limelala bila upepo chini ya vikapu.

"Mama, fundi iko wapi?"

"Uliza mutoto."

"Iko papa!" Delphine akajibu kwa majivuno.

"Basi, enda umuite." Clotilde akaketi, akaanza kuchambua sombe, majani ya muhogo, kama mtu asiyewahi kuona spana.

Cyprien alipotoka na kumwona mkewe akichekea majani, alitaka kukataa. Lakini binti yake alimtazama kana kwamba ndiye aliyeivumbua treni. Akakunja mikono ya shati. Akauchovya mpira wa ndani kwenye beseni, akaona mapovu, akabandika kiraka, akapiga pampu mpaka jasho likamtiririka.

"Tayari, mzee!"

Kanyinda hakufika hata kwenye reli. Pshhh! Akarudi akiisukuma baiskeli, au kinga kama waiitavyo Kamina, paka wawili wakimfuata.

"Ah, Papa Cyprien! Ulitengeneza kinga yangu ao ulipumua tu ndani?"

Cyprien akabandika kiraka cha pili. Paka wakawa watatu. Alipotaka kuurudisha mpira, Delphine alishindwa kuvumilia.

"Hapana, papa! Mama anapapasaka kwanza ndani ya pneu. Mwiba ingali mule!"

Akaingiza kidole chake ndani ya tairi, akakizungusha taratibu, akautoa mwiba.

"Eh! Nani alikufundisha?" Kanyinda akauliza.

Mtoto akautazama ule mwiba. Akamgeukia mama yake.

"Mama," akasema polepole. "Mama njo fundi."

Sombe ya siku hiyo ilipikwa kwa nyimbo.

Furaha ilidumu mpaka kesho yake, kijana mmoja alipoinama kujaza upepo mwenyewe. Delphine akamnyang'anya pampu.

"Wacha! Banaume habajuake kinga."

Clotilde aliangua kicheko, kisha akakikatiza. Kuku ameokota punje nyingine, na safari hii aliyeimwaga ni mama mwenyewe.

"Cyprien!" akaita kuelekea ndani. "Kuya hapa, nikufundishe. Leta kidole yako."