Chumvi ya Magari

Nilimpokonya msimamizi wa jengo letu ndoo ya chumvi, asubuhi, mbele ya watu waliokuwa wakisubiri basi. Sioni aibu. Alikuwa akiimwaga kwenye mteremko wa magari kama mtu anayelisha kuku. Hatua chache pembeni, njia ya miguu ilikuwa barafu tupu.

"Na huku je?" nikamuuliza.

"Mama, chumvi ni ya magari."

Nikaivuta ndoo.

Mimi ni mtu wa Mbulu. Shuleni nilikimbia mbio ndefu mpaka kidato cha nne, na mwili wangu haujui njia nyingine ya kutoa hasira. Hapa ughaibuni, Scarborough, nilipojifungua niliacha. Nikakaa ghorofani nanyonyesha, natazama theluji, nalia bila sababu, mpaka nikaanza kuogopa kubaki peke yangu na mtoto. Siku moja hofu ilipozidi, nikazitoa raba za mbio kabatini.

Mume wangu anafanya zamu ya usiku kwenye ghala huko Downsview. Akirudi, kabla hajalala, anampokea mtoto nami natoka. Nafasi yangu ni hiyo tu.

"Nenda, mama watoto," husema, macho mekundu. "Ila ukichelewa utanikuta nakoroma, mtoto ananing'oa ndevu."

Mwanzoni kifua kiliwaka moto. Baridi ya huku inaingia kooni kama wembe, kope zinagandana. Nilikuwa natembea kama bata, mbio ni jina tu. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa mtu, nikamchukua mwanangu bila hofu.

Kisha trekta likasukuma theluji yote ya maegesho na kuirundika kwenye njia ya miguu. Mchana inayeyuka, usiku inaganda. Nikaanguka. Mfupa wa mkono ukapata ufa, nikafungwa plasta ngumu, mkono uleule wa kumbebea mtoto. Kila akilia ilibidi nimwamshe baba yake, naye ndiyo kwanza amelala. Tukaanza kuchukiana kimyakimya, watu wawili wasio na usingizi, hakuna pa kukimbilia. Ile hofu ikarudi.

Plasta ilipotolewa nilirudi mazoezini, safari hii kwenye maegesho ya chini ya ardhi, nikizunguka nguzo na kuvuta moshi wa magari. Msimamizi akanifukuza. Ni Mkongo, tunaelewana Kiswahili.

"Mama, apa hapana kukimbia. Patroni, mwenye jengo, anakataza."

"Nje nitavunjika tena."

"Ubakie basi kwa nyumba. Kwani unakimbia nini? Polisi?"

Akacheka peke yake.

Basi asubuhi ile ya ndoo niliimwaga chumvi mwenyewe, kwa mkono, kutoka mlangoni kuelekea kituoni, nikitukana kwa lugha ya mama yangu. Haikufika hata nusu ya njia. Watu wa basi walinitazama, kisha wakatazama simu zao.

"Mama, utanifukuzisha kazi!" akalia nyuma yangu. "Miye natumika tu! Ndoo ni moja, wananipa moja!"

Nikamwamini. Nilimrudishia ndoo tupu, mikono ikiniuma kwa baridi.

"Baba, sina ugomvi na wewe," nikamwambia. "Nioneshe tu huyo patroni anapokea barua wapi."

Sikukimbia siku hiyo. Nilipanda nyumbani, nikaandika barua kwa Kiingereza changu cha sekondari, nikaipeleka kwa mkono wangu ofisi ya mwenye jengo na kusimama pale mpaka wakaigonga muhuri. Kwa Kiswahili inasema hivi:

"Mimi ni mpangaji wenu. Nalalamika rasmi. Theluji ya maegesho inatupwa kwenye njia ya miguu, na njia hiyo haitiwi chumvi. Nilianguka hapo nikavunjika mkono. Cheti cha daktari nimeambatisha. Nilipohamia chini kufanya mazoezi nilifukuzwa kwa amri yenu. Msimamizi hana kosa, mnampa chumvi isiyotosha. Nataka njia ya miguu isafishwe na kutiwa chumvi kila asubuhi kabla ya mteremko wa magari. Nataka jibu la maandishi, lisiletwe kwa mdomo wa msimamizi. Kesho asubuhi nitapita hapo nikikimbia. Nikianguka tena, mtakuwa mmeshajua."