Noti Tatu Zilizovunja Posa ya Shemeji

Posa ya shemeji yangu ilikataliwa kwa sababu ya noti tatu za besi. Aliyezipiga ni mimi.

Kazi yangu ni kutunga muziki wa filamu. Pembeni naandika riwaya za upelelezi. Mwaka juzi mwongozaji mmoja alinunua riwaya yangu, na shemeji, mdogo wa mke wangu, akapewa kuigiza daktari kwenye filamu yake.

Kwenye kitabu, daktari ndiye muuaji.

Basi kila daktari alipotokea, nikampigia besi nzito ya kumtangaza muuaji. Dum, dum, dum. Filamu sikuitazama hadi mwisho. Kitabu nimekiandika mwenyewe, nitazame mwisho wa nini?

Kumbe mwongozaji alishabadilisha. Muuaji akawa mtunza bustani.

Siku ya uzinduzi mtunza bustani akakiri, akalia, akatiwa pingu. Ukumbi mzima ukagoma kumwamini. Watu walisema kasingiziwa, daktari ndiye, kwani hamsikii besi?

Miongoni mwao alikuwemo baba wa mchumba wa shemeji. Kesho yake akarudisha barua ya posa.

"Mdogo wangu hali, halali," mke wangu akaniambia. "Ulivyomchafua, ndivyo utakavyomsafisha."

Roho iliniuma. Shemeji hajawahi kuua hata mende.

Nikatunga kipande cha fidla, laini kabisa. Tukaenda wote ukweni kwake, spika ndogo nimeificha kwenye mkoba. Shemeji akisalimia, fidla. Akitaja kazi yake, fidla. Alipoomba maji ya kunywa, nikampa fidla ndefu, hadi mama wa binti akajifuta machozi.

Mzee alimtazama weee, kisha akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Huyu kijana hana hatia. Nimemkubali."

Nikashusha pumzi. Mzee akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye mwandishi? Vitabu vyako vyote nimevisoma. Muuaji huwa ni yule ambaye hakuna anayemshuku. Na wewe tangu umeingia humu ndani, sijasikia hata noti moja."

Nilitolewa nje kwa heshima zote.

Harusi ilifana sana. Muziki wote niliutunga mimi, na niliusikiliza nikiwa kwenye gari, ng'ambo ya barabara, vioo nimeshusha.

Ndugu zangu, kazi hata kama umeianzisha mwenyewe, itazame hadi mwisho. Na ukienda kumsafisha mtu, usijisahau. Jipigie na wewe japo noti mbili.