Migongo ya Majambazi

Filamu ile ilitengenezwa kwa hali ya kuungaunga. Mwongozaji alikuwa mpiga video za harusi aliyechoka kupiga picha za keki, akaamua kutunga hadithi ya mume na mke wanaopora maduka na kuwakimbia polisi nchi nzima. Kamera ilikuwa ya kuazima, polisi walikuwa binamu zake, na bastola ilikuwa ya plastiki iliyopakwa rangi ya viatu. Gauni jekundu la jambazi wa kike alilishona Mama Pindo, fundi cherehani aliyeitwa hivyo kwa sababu mtaa mzima ulipindiwa nguo na yeye. Gari la kutorokea lilikuwa la mumewe, makanika ambaye watu walimwita Spana.

Siku ya kupiga sehemu ya mwisho, nyota wote wawili wakapata kazi ya tangazo la sabuni, wakaondoka zao. Sauti zao wangeziingiza baadaye studio. Kilichokosekana ni miili. Mwongozaji akamtazama Mama Pindo, akamtazama Spana.

"Mama, gauni si linakutosha? Na mzee ana mabega. Nawapiga kwa nyuma tu. Nisaidieni jamani, nimekwama."

Laiti angejua anawaomba nani. Wale wawili walikuwa hawasemezani. Spana aliuza vyuma chakavu, na humo humo akatia cherehani ya mkono ya marehemu mama mkwe wake, ile ambayo Mama Pindo alijifunzia kushona akiwa bado anapandishwa kwenye kiti. Alipoulizwa alijibu, "Si ilikuwa imekufa?" Basi, pole yake ikaishia hapo. Tangu siku hiyo mke alipika, mume akala, wakalala kila mtu anatazama ukuta wake. Begi la Mama Pindo lilikuwa tayari nyuma ya mlango. Jumapili angekwenda kwa dada yake, na hakuwa na mpango wa kurudi. Spana alilipita begi lile kila asubuhi akienda gereji, akajifanya hakuliona.

Mama Pindo alikubali kwa kumwonea mwongozaji huruma. Spana alikubali kwa sababu hakutaka gari lake lifike mikononi mwa watu wasiojua gia zake. Mke akavaa gauni, kitambaa cha kichwa na miwani mikubwa myeusi, akaonekana jambazi kuliko nyota mwenyewe.

"Mnatoka mbio nyuma ya ghala, mmeshikana mikono," mwongozaji akaeleza. "Mzee anapigwa risasi, anaanguka, anamwambia mke akimbie. Mama unaingia kwenye gari, unaondoka. Sauti sichukui, sina hata kipaza sauti. Mzee, ukiwa pale chini sema chochote, hata hesabu namba. Mama, wewe usigeuke."

Spana akanyoosha mkono. Kucha zilikuwa na grisi kama siku zote. Mama Pindo akaushika.

Wakakimbia. Mara ya kwanza binamu mmoja akateleza, akavunja watu mbavu kwa kicheko. Wakarudia. Safari hii Spana alianguka vizuri mno, hata kiwiko kikachubuka kweli. Mama Pindo akamwachia mkono, akalikusanya gauni, akaelekea garini. Ndipo akasikia nyuma yake:

"Mama watoto. Ile mashine."

Akaendelea kukimbia.

"Niliirudia siku ileile. Nikakuta wameshaiponda. Nikaona aibu kukwambia. Nisamehe. Usiende kwa dada yako."

Mwanamume ambaye nyumbani ulimi ulimganda, alipohakikishiwa kwamba hakuna anayemsikia, akafunguka huku uso uko kwenye vumbi. Mama Pindo alikuwa ameshashika kitasa cha mlango wa gari. Akageuka.

"Usigeuke!" mwongozaji akapiga kelele. "Mama, unamwacha! Unamwacha huyo!"

"Simwachi," akasema, akarudi. Akachuchumaa, akamfuta mumewe uso kwa pindo alilolishona mwenyewe. "Inuka, baba. Unatoka damu."

Binamu polisi, kwa kuwa hawakuelekezwa la kufanya, wakabaki wamesimama; mmoja akavua kofia. Betri ya kamera ikaisha palepale, na nyingine haikuwepo. Mwongozaji akakaa juu ya ndoo, akashika kichwa.

Filamu ilioneshwa ukutani, kwenye ukumbi wa viti vya kuazima. Begi lilikuwa limeshafunguliwa zamani. Jambazi alipoanguka, sauti ya nyota ikanguruma, "Kimbia, mpenzi! Uhuru unakungoja!" Mke akageuka, akamrudia. Ukumbi ukalia. Mama mmoja wa mbele alipenga kamasi bila haya.

"Wanalia nini hawa?" Spana akanong'ona. "Nilichosema hawakukisikia."

"Afadhali. Kile kilikuwa changu."

Taa zilipowashwa, Mama Pindo alikwenda moja kwa moja kwa mwongozaji, akamshika mikono yote miwili.

"Asante, mwanangu. Asante sana kwa kukosa kipaza sauti."

Yule kijana akaona haya, akidhani anasemwa. "Tuvumilie, mama. Filamu ijayo nitanunua."

"Usinunue," akasema Mama Pindo.